Telehandla: namna ya kuinua mzigo mzito na kuuweka mahali pake salama

Telehandla, yaani mtambo wa tairi wenye mkono mrefu wa kuinulia mizigo, ikiwa na uwezo wa kubeba tani 4 inaweza kuangushwa na mzigo wa tani 1. Bumu (mkono huo unaorefuka) ikiwa imerudi ndani na meno (vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo) yakiwa karibu na ardhi, tani 4 hizo inazibeba bila taabu. Bumu hiyo hiyo ikinyooshwa mbele mpaka mwisho, robo ya uzito huo inatosha kunyanyua tairi za nyuma. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo: mzigo uko umbali gani kutoka tairi za mbele.

Mtambo unavyosimama

Tairi za mbele ndizo egemeo la mizani. Nyuma yake kuna injini, chesisi, ekseli ya nyuma na chuma cha kusawazishia. Mbele yake kuna mzigo. Upande wa nyuma una uzito ule ule siku zote. Upande wa mbele unaongezeka kila mzigo unaposogea mbele, hata kama hujaongeza kilo moja.

Chukua bumu iliyonyooshwa hadi mita 12 kutoka kwenye pini yake kubwa ya nyuma, na tuseme pini hiyo iko mita 3 nyuma ya tairi za mbele. Ikiwa imeinuka digrii 60, ncha ya bumu iko mita 6 mbele ya pini, yaani mita 3 tu kupita tairi. Sasa iteremshe hadi digrii 30 bila kuirudisha ndani. Ncha imefika mita 10.4 kutoka kwenye pini, yaani mita 7.4 kupita tairi. Mzigo ule ule sasa unauvuta mtambo mbele kwa nguvu zaidi ya maradufu. Wengi huogopa kupandisha, lakini mitambo mingi huangukia mbele wakati wa kuteremsha. Operata anaona mzigo unashuka, moyo unatulia, kumbe ndio unakwenda mbali.

Kuna pia kuanguka kwa ubavu, nako ni kubaya zaidi kwa sababu hakutoi dalili mapema. Ekseli ya nyuma ya mitambo mingi imeshikwa na pini moja katikati ili ichezecheze kwenye mabonde, hivyo mtambo unasimama juu ya pembetatu: tairi mbili za mbele na pini ile ya nyuma. Mzigo ukiwa juu, mwinamo mdogo wa pembeni unautoa nje ya pembetatu. Piga hesabu: mzigo ukiwa mita 15 juu, digrii 1 ya mwinamo inausogeza pembeni sentimita 26. Digrii 3, ambazo ukiwa umeketi kwenye kibanda huzihisi kabisa, zinausogeza karibu sentimita 79.

Kabla ya kuwasha injini

Zunguka mtambo mzima kwa miguu. Anza na tairi: pima upepo kwa geji na ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye kibao cha mtambo. Kupiga tairi teke hakukuambii kitu. Tairi moja ya mbele yenye upepo pungufu inaulaza mtambo upande huo, na tumeona digrii moja inavyofanya ikifika juu.

Kisha tazama pini inayofunga kiti cha meno, yaani fremu ambayo meno yameshikizwa. Iwe imepita hadi upande wa pili na klipu yake ipo. Meno yenyewe yasiwe na ufa kwenye kona inayokunja, maana huko ndiko huanzia kuvunjika, na kila jino lifungiwe kwenye tundu lake ili lisiteleze pembeni. Angalia hosi na silinda kama zinavuja, ila usitafute tundu la hosi kwa kidole hata siku moja. Mafuta ya haidroliki yakiwa kwenye presha hutoboa ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana kama kitobo kidogo linaweza kugharimu mkono mzima. Tumia kipande cha kadibodi. Ikitokea mtu amechomwa, apelekwe hospitali papo hapo na daktari aambiwe kwamba ni mafuta ya haidroliki.

Washa, kisha nyoosha bumu na kuirudisha ikiwa tupu. Iende kwa ulaini. Ikirukaruka au kugonga, huenda cheni za ndani zimelegea au vile vipande vya kusugulia vilivyo kati ya sehemu za bumu vimelika, na hapo kazi isubiri fundi. Mwisho jaribu breki, honi, king'ora cha kurudi nyuma, na kifaa cha kuonyesha mzigo. Mitambo mingi ina kitufe maalumu cha kukijaribia.

Ujue uzito, usiukadirie

Mfuko wa saruji una kilo 50. Paleti ya mifuko 40 ni kilo 2,000, na paleti ya mbao yenyewe tuseme kilo 25. Zege lililokauka ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Tofali la zege lisilo na matundu la sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15 ni kama kilo 32, kwa hiyo matofali 60 tayari yanakaribia tani 2. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita. Ya milimita 16 ni kilo 1.58. Nondo 100 za milimita 16 zenye urefu wa mita 12 ni karibu kilo 1,900. Tangi la maji la lita 1,000 likiwa limejaa ni tani 1 bila kuhesabu tangi, tena maji yanacheza.

Baada ya uzito, uliza kitovu cha mzigo, yaani katikati ya uzito wake, kiko wapi. Chati za telehandla za ukubwa wa kawaida wa saiti hupigiwa hesabu kwa kitovu kilicho sentimita 50 mbele ya uso wa kiti cha meno. Paleti ya mita 1.2 kwa mita 1 ukiichoma kwa upande wake mfupi, kitovu kinakuwa sentimita 60, na zile namba za chati hazikuhusu tena. Ichome kwa upande mrefu, meno yakipita kwenye ile mita 1, na kitovu kinarudi kwenye sentimita 50. Hayo ni maamuzi ya sekunde chache, na yafanywe pale chini lori linaposhushwa, kwa sababu paleti ikishafika juu huwezi kuigeuza.

Kusoma chati

Jina la mtambo huanza kukuambia kitu. JCB 540-170 ni wa tani 4 na unafika karibu mita 17. Manitou MT 1840 nao ni wa tani 4 na unafika mita 17 na nusu hivi. Lakini tani 4 hizo ni za bumu iliyorudi ndani. Ukweli wote uko kwenye chati iliyobandikwa ndani ya kibanda.

Mstari wa kulala ni umbali wa mbele, na katika chati nyingi unahesabiwa kutoka uso wa tairi za mbele. Mstari wa kusimama ni kimo. Kati yake kuna mikanda iliyopinda, kila mmoja umeandikwa kilo zake. Alama zilizopo ubavuni mwa bumu, herufi au namba, zinaonyesha imenyooshwa kiasi gani, na kishale cha digrii kinaonyesha imeinuka kiasi gani. Mtambo wenye jeki (miguu ya mbele inayoshushwa ardhini kuutegemeza) una chati mbili, ya tairi na ya jeki, na tofauti yake ni kubwa. Kila kifaa cha mbele nacho, iwe meno, ndoo, kulabu au mkono wa winchi, kina chati yake. Ukibadili kifaa, badili chati.

Tuseme unapeleka ile paleti ya saruji, kilo 2,025, kwenye slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) iliyo mita 9 juu. Kwa sababu ya msingi na jukwaa la mafundi, tairi haziwezi kusogea zaidi ya mita 3 kutoka ukutani, na paleti inatakiwa kitovu chake kiwe mita 1.5 ndani ya ukingo. Umbali wako ni 3 + 1.5, yaani mita 4.5. Weka kidole kwenye mita 4.5, panda hadi mita 9, soma mkanda. Ukisema kilo 2,500, una nafasi. Sasa tuseme pale mbele kuna mtaro na tairi zinaishia mita 6 kutoka ukutani: umbali ni mita 7.5, na mkanda wa huko unaweza kusoma kilo 1,250 tu. Jibu ni kupunguza paleti iwe ya mifuko 20, kilo 1,025, na kwenda safari mbili. Namba hizi za mikanda ni za mfano. Zako zisome kwenye kibanda chako.

Kidole kikianguka juu ya mstari unaotenganisha mikanda miwili, chukua kilo ndogo. Daima.

Ardhi iliyo chini ya jeki

Mtambo wenye uzito wa tani 12 na mzigo wa tani 2 na nusu juu mbele huweza kutupa zaidi ya tani 10 kwenye jeki mbili za mbele. Tuseme tani 6 kila moja. Kiatu cha jeki cha sentimita 30 kwa 40 kina eneo la mita ya mraba 0.12, maana yake kinaikandamiza ardhi kwa tani 50 kwa mita ya mraba. Mchanga wa pwani uliotoka kumwagwa haubebi hivyo, na udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua ndio kabisa. Ukiweka chini yake ubao mgumu usiopinda wa sentimita 60 kwa 60, unashuka hadi kama tani 17. Ubao ukipinda katikati, ni mwembamba mno na haugawi uzito.

Kaa mbali na ukingo wa shimo. Kanuni ya kazi ni kwamba jeki isikaribie ukingo kuliko kina cha shimo lenyewe: shimo la mita 2, kaa mita 2 au zaidi, na kwenye kifusi au mchanga zidisha. Chunguza pia kilichofukiwa: mashimo ya maji machafu, mabomba, mitaro iliyojazwa juzi. Muulize forimani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo yalipochimbwa.

Kuinua na kuweka, hatua kwa hatua

1. Zungushia eneo utepe. Hakuna anayepita chini ya bumu wala chini ya mahali mzigo utakapowekwa. Mpange mwongozaji mmoja tu wa ishara, na kama slabu huioni, awepo mwingine kule juu mwenye redio. Ishara ya kusimama ndiyo pekee inayotiiwa kutoka kwa mtu yeyote.

2. Ingiza meno yote mpaka mzigo uguse kiti cha meno. Yaachane kwa upana kadiri paleti inavyoruhusu, kila moja umbali sawa kutoka katikati. Nyanyua sentimita chache, laza meno nyuma kidogo, kisha subiri. Tazama mzigo unakaaje. Kifaa cha mzigo kikikuonya hapo chini bumu ikiwa ndani, kule juu hutafika.

3. Safiri na bumu imerudi ndani, mzigo sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mwendo wa mtu anayetembea. Mkanda ufungwe. Kwenye mteremko mzigo uangalie upande wa juu: unapanda ukienda mbele, unashuka ukirudi nyuma. Upande wa kulia wa mitambo mingi hauonekani bumu ikiwa chini, kwa sababu kibanda kiko kushoto. Hapo tegemea vioo na mwongozaji. Ukitaka kubadili usukani kutoka tairi mbili kwenda nne au kwenda mwendo wa kaa (tairi zote zikikata upande mmoja), nyoosha tairi zote kwanza, la sivyo za nyuma zitabaki zimekwenda upande na mkia utafagia ukuta.

4. Fika ukiwa umelikabili jengo sawasawa. Funga breki ya mkono, weka gia huru. Tazama kipimo cha usawa, kile chenye tone la hewa, na usawazishe chesisi bumu ikiwa bado chini. Shusha jeki juu ya mbao zake, tazama tone tena. Kusawazisha mzigo ukiwa juu ni kuurusha pembeni kwa makusudi.

5. Pandisha kwanza, nyoosha baadaye. Bumu ipande ikiwa imerudi ndani mpaka pembe inayotakiwa, ndipo uinyooshe polepole. Rekebisha meno yawe sawa kadiri unavyopanda. Mzigo upite juu ya ukingo wa slabu kwa sentimita 30 hivi; usiukwaruze.

6. Ukiwa juu ya mahali pake, shusha taratibu. Kumbuka kwamba kunyoosha bumu iliyoinuka kunausukuma mzigo mbele na juu kwa pamoja. Ili uende mbele kwa usawa, nyoosha huku ukiteremsha kidogo. Paleti iguse slabu yote kwa wakati mmoja. Mwongozaji wa juu asishike paleti kwa mkono. Asimame pembeni, si kati ya mzigo na ukuta.

7. Kutoa meno ndipo wengi huharibu. Ukirudisha bumu iliyoinuka, meno hayaji nyuma tu, yanashuka pia, na yanakandamiza mbao za chini za paleti au kuivuta paleti nzima kuelekea ukingoni. Kwa hiyo rudisha huku ukipandisha kidogo, mikono miwili ikifanya kazi pamoja, meno yakielea katikati ya uwazi wa paleti. Mtu wa juu anaona uwazi huo kuliko wewe, msikilize.

8. Rudisha bumu yote ndani kisha teremsha. Hata ikiwa tupu. Jeki zinapandishwa bumu ikishafika chini.

Kabla ya kuweka tani 2 kwenye slabu, muulize pia mhandisi kama inazibeba. Slabu yenye siku chache, au iliyokwisha ondolewa mihimili ya chini, inaweza kushindwa na mzigo ambao mtambo umeubeba vizuri.

Mizigo ya kuning'inia na nondo

Usifunge kamba au cheni moja kwa moja kwenye meno. Inateleza, na jino halikuundwa kuvutwa na uzito wa kuning'inia kwenye ncha. Tumia kulabu iliyotengenezewa mtambo huo, yenye chati yake, na uzito wa kulabu, shakoli (pingu ya chuma ya kuunganishia) na cheni uhesabu kama sehemu ya mzigo.

Pembe ya cheni ni jambo la hesabu. Miguu miwili ikiwa wima, kila mmoja hubeba nusu. Ikifunguka hadi digrii 60 kila mmoja kutoka wima, kila mguu unabeba uzito sawa na mzigo mzima. Cheni ya tani 2 kwa kila mguu ikibeba tani 2 kwa pembe hiyo imefika mwisho wake. Tumia cheni ndefu zaidi, pembe ipungue.

Mzigo unaoning'inia ukibembea mbele, umbali umeongezeka bila wewe kugusa levo. Kwa sababu hiyo vuta kwa ulaini, funga kamba za kuongozea pembe mbili, na wanaozishika wasimame nje ya njia ya mtambo. Usivute mzigo ulio pembeni kwa kuuburuta. Mabati na mbao pana hushika upepo kama tanga. Kikomo cha upepo kimeandikwa kwenye kitabu cha mtambo, na upepo wa juu ya ghorofa una nguvu kuliko ule unaouhisi ukiwa chini.

Nondo za mita 12 juu ya meno hupinda kama upinde na kuteleza, chuma juu ya chuma. Zifunge kwa cheni kwenye kiti cha meno, au bora zaidi zinyanyue kwa kulabu na miguu miwili iliyozungushwa mara mbili kwenye fungu. Ile waya nyembamba ya kiwandani inayofunga fungu si ya kunyanyulia.

Watu hawapandi kwenye paleti wala kwenye ndoo. Kuna kikapu maalumu kinachotambuliwa na mtambo, chenye levo zake za kuendeshea ndani na mahali pa kufungia mikanda ya usalama. Kama hakipo, leteni jukwaa.

Taa nyekundu ikiwaka

Kifaa cha kuonyesha mzigo hupita kijani, njano, kisha nyekundu na kengele. Mitambo ya kisasa hukata yenyewe mienendo inayoongeza hatari: kunyoosha na kuteremsha. Njia ya kutoka ni moja: rudisha bumu ndani, polepole. Usiteremshe. Usibonyeze kitufe cha kupita kinga hiyo ili umalizie sentimita kumi zilizobaki.

Ujue pia kile kifaa kisichokijua. Mara nyingi hupima uzito uliobaki kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo kinaelewa kuangukia mbele. Mwinamo wa pembeni, jeki inayozama na upepo hakivioni. Taa ya kijani haithibitishi kwamba ardhi ni nzuri.

Mtambo ukianza kuanguka, usiruke. Baki ndani na mkanda umefungwa, shika usukani kwa nguvu, egemea upande usioangukia. Kibanda kimejengwa kuhimili mapinduko. Anayeruka hukutwa na kibanda hicho hicho.

Nyaya za umeme

Laini za usambazaji za Tanzania na Kenya nyingi ni kilovolti 11 na 33, kwenye nguzo za kawaida kabisa za mtaani, na nyaya zake hazina ganda. Umeme huo huruka hewani kabla bumu haijagusa. Pima umbali kwa bumu ikiwa imenyooka yote, na hesabu na mzigo unaobembea. Kama bumu inaweza kufika karibu, kazi isianze mpaka shirika la umeme limekata au kuhamisha laini.

Ikigusa, baki kwenye kibanda, piga honi, kataza mtu yeyote asisogee, na kama inawezekana iondoe bumu. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, ruka mbali miguu ikiwa pamoja, usishike mtambo na kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kurukaruka bila kutanua miguu, angalau mita 10.

Kazi ikiisha, egesha kwenye ardhi tambarare: bumu ndani, meno yakilala chini kabisa ili mtu asijikwae wala asigongwe muundi, breki ya mkono, gia huru, ufunguo mfukoni. Ulichokiona asubuhi au mchana, hosi inayotoa jasho, tairi iliyopungua, kengele iliyolia mara moja ikanyamaza, kiandike kwenye daftari la mtambo kabla hujavua kofia ngumu, maana wa zamu ya kesho atakaa kwenye kiti hicho hicho.